Kiatu cha Karani Makungu

Sajini Muhiddin alikuwa na kasoro moja ambayo hata mama yake, Mungu amrehemu, alishindwa kumtoa: hakupenda kuambiwa kuwa jambo limekwisha. Ukimwambia chungu hakina kitu, atafunua kifuniko atazame mwenyewe. Kwa hiyo Jumatano ile mchana, mkuu wake alipomsukumia faili juu ya meza na kumwambia, "Hii imekwisha, Muhiddin, kilichobaki ni mtuhumiwa kukiri tu," aliipokea kwa mikono miwili na kutoka nayo akitabasamu. Wenzake walipomwona anatabasamu walijua kuwa kazi ndiyo kwanza inaanza.

Faili yenyewe ilikuwa nyembamba. Kwa mwaka mzima serikali ilikuwa ikifanya uchunguzi wa viumbe wa ghuba ya Chwaka: samaki, kasa, ndege wa pwani, na hasa kaa na konokono wanaoishi kwenye tope la mikokoni. Mzungu aliyeongoza kazi hiyo watu wa Chwaka walimbandika jina la Bwana Kaa, naye wala hakukasirika. Lakini aliyehesabu hasa hakuwa yeye. Alikuwa Usi Simai, mtu wa Chwaka, wa miaka arubaini na ushei, aliyesoma mpaka darasa la sita na mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake. Kila bamvua, maji yakikupwa mpaka mwisho wake, Usi aliingia mkondoni, ule mkono wa bahari unaopenya mikokoni, akalaza fremu ya mbao kando ya kila kimoja katika vigingi vitano alivyopigilia Bwana Kaa, akahesabu kila chenye uhai ndani yake, akaandika. Kwa miezi kumi na moja aliandika mia na ishirini, mia na arubaini, mia na sitini.

Halafu, wiki mbili nyuma, Karani Makungu wa ofisi ya uchunguzi alikwenda Chwaka kwa ghafla kukagua. Alihesabu kwa macho yake kwenye vigingi vitano, akapata sita, watatu, hakuna hata mmoja, wanne na tisa. Pembeni aliandika: *Tope jeusi, harufu mbaya, ndege hawapo.*

Ama kaa wa Chwaka walikuwa wamehama wote kwa mwezi mmoja, ama Usi alikuwa akikaa kwake barazani na kujitungia hesabu. Ofisi ilichagua la pili. Usi alishtakiwa kwa kughushi nyaraka za serikali na kutiwa rumande. Na Jumamosi asubuhi kamati ingekaa mjini kuamua kama mikoko yote ya mkondo ule ikatwe boriti. Bwana Kaa mwenyewe alikuwa Pemba akitafuta mayai ya kasa, wala simu aliyopelekewa hakuwa ameijibu. Kamati ingekuwa na karatasi ya Makungu tu mbele yake, na mkondo uliokufa hauna wa kuulilia.

Muhiddin alianzia rumande.

"Ulihesabu au hukuhesabu?"

"Nilihesabu," alisema Usi.

"Mbona Makungu hakuona ulichoona wewe?"

"Muulize Makungu macho yake aliyaazima nani siku hiyo."

"Siku ya ukaguzi hukuwepo."

"Nilikuwa Bwejuu. Shangazi yangu kafariki. Waulize waliochimba kaburi, mie nilikuwa mmoja wao."

Muhiddin aliandika. "Wajua kuwa ukipatikana na hatia ni miaka miwili?"

"Nnajua. Na miaka miwili mtu huimaliza akatoka." Usi alimsogelea. "Bwana Sajini, watu wetu hawakutaka vile vigingi. Walisema kuhesabu viumbe hai ni kuvitia husda. Mie ndiye niliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwatuliza. Niliwaambia, mwacheni Mzungu ahesabu, serikali ikishajua mna nini humu haitakata mti hata mmoja. Sasa mikoko inakatwa kwa daftari langu mimi. Ntarudi Chwaka kwa uso gani?"

Muhiddin hakumwamini wala hakumkadhibisha. Kuamini hakukuwa katika kazi aliyoajiriwa. Lakini aliona haya kwa niaba ya mtu yule, akafunga daftari na kupanda Shangani kwa miguu.

Ofisi ya uchunguzi ilikuwa ghorofa ya pili, yenye madirisha yaliyotazama bahari na chupa za samaki waliolowekwa dawa zilizopangwa ukutani. Karani Makungu alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Penseli zake zililala kwa urefu, kutoka kubwa mpaka ndogo, na suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukatia karatasi.

Muhiddin alikuwa na dhana yake tangu ngazini: huyu msafi hakukanyaga tope lolote. Alikwenda Chwaka, akanywa kahawa, akaona mikoko kwa mbali, akajiandikia namba. Watu wa mjini hawalijui tope, na mwongo asiyeijua bahari hunaswa na bahari yenyewe.

"Ulihesabu saa ngapi?" aliuliza.

"Kuanzia saa nne u nusu mpaka saa sita kasorobo."

Muhiddin alilifungua jedwali la kupwa na kujaa kwa maji lililotundikwa ukutani, akashuka kwa kidole mpaka tarehe ile. Bamvua. Maji kukupwa kabisa, saa nne na dakika arubaini. Mkondoni huchelewa kidogo. Hesabu ilikuwa sawasawa.

"Jedwali hili na wewe umelisoma," alisema.

"Ndiyo kazi yangu kulisoma."

Hapo Muhiddin alisikia kitu puani. Alikuwa akikisikia tangu alipoingia, akidhani ni samaki wa chupani. Aliifuata harufu mpaka dirisha la mwisho, na nje yake, juu ya ukingo, alikuta raba mbili nyeupe zilizoanikwa juani. Nyeupe kwa jina tu. Nyayo zilikuwa zimeingia weusi usiotoka. Alikiinua kiatu kimoja, akakirudisha upesi.

"Za nani hizi?"

Makungu aliona haya. "Zangu. Nilizivaa siku ile. Nimezifua mara nne. Mfagiaji amekataa kuingia mpaka niziweke nje."

Dhana ya Muhiddin ikafia palepale, dirishani. Raba hazighushiki. Mtu huyu aliingia topeni kweli, tena akazama. Sajini alicheka peke yake. Alipenda dhana zake zife mapema, kabla hajamwambia mtu.

"Nani alikupeleka?"

"Mtu wa mtumbwi. Siku mbili kabla nilipeleka salamu kwa dereva wa gari la Chwaka, kwamba nitahitaji mtumbwi na mtu wa kunionyesha vigingi. Nilipofika niliukuta tayari."

"Ukaguzi wa ghafla, na salamu umetanguliza?"

Makungu aliinyoosha penseli moja. "Sikuyafikiria hayo."

"Jina lake nani?"

"Sikumuuliza. Kazi yangu kuhesabu kaa, si watu."

"Kesho utakuja na mimi Chwaka. Na kiatu kimoja nitakichukua."

"Kimoja? Kwa nini usichukue vyote?"

"Kimoja kinatosha kunuka," alisema Muhiddin, akakizungushia gazeti la jana na kushuka nacho ngazi.

*

Alhamisi alfajiri Konstebo Kificho aliendesha Landrova kutoka kituo cha Malindi, mjini. Nyuma walikaa Usi, pingu mkononi, na Karani Makungu, kofia mapajani. Ili kumtoa mahabusu, Muhiddin alikuwa ametia sahihi mahali pawili, na mlinzi wa zamu akamuuliza kama ana hakika. "Hakika ninayo," alisema, "sababu tu ndiyo sijaipata." Walipita Dunga, wakaingia kwenye uwanda wa mawe na vichaka, na maili zote ishirini wale wawili hawakupeana hata salamu.

Njiani Muhiddin aliwaza kwa utulivu. Usi anasema mkondo umejaa, na daftari lake lina namba zilizopanda na kushuka kwa miezi kumi na moja bila kujirudia. Makungu anasema mkondo ni mtupu, na kiatu chake kinamshuhudia. Mjini kila mtu aliuliza nani mwongo. Je, kama hakuna mwongo kati yao? Watu wawili wakweli wakikuelezea nyumba mbili tofauti, usiwagombanishe. Waulize walibisha hodi wapi.

Walifika saa moja u nusu. "Usi," aliita Muhiddin.

"Naam."

"Hapa kwenu, anayelijua tope kuliko wote nani?"

Usi hakufikiri. "Bi Mwatum."

Walimkuta ufukweni kwenye kundi la wanawake, amekaa miguu mbele, rungu mkononi, akiponda makumbi ya nazi yaliyooza mpaka yakatoa nyuzi za usumba. Bi Mwatum alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, na kila pigo lake lilitua palepale lilipotua la kwanza.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye pingu. "Usi mmemfungia nini? Kaiba?"

"Hilo ndilo nililojia. Nnataka uninusie kitu."

Alifungua gazeti. Bi Mwatum alikitazama kiatu, akamtazama Sajini kuona kama anafanyiwa mzaha, kisha akakipokea. Hakukisogeza hata karibu na uso.

"Huyu kaingia kwenye makumbi."

"Si tope la mkondo?"

"La mkondo ukilinawa linatoka. Hili halitoki mpaka ngozi itoke." Alimrudishia. "Sisi makumbi tunayafukia topeni, kule nje, mkono wa kushoto wa mkondo. Kila mtu na shimo lake. Miezi sita, saba, mpaka yaoze. Sasa na huyu mjinga gani kapita juu ya mashimo ya watu?"

Makungu alisogea. "Mjinga ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole."

"Bi Mwatum," aliuliza Muhiddin, "kwenye mashimo hayo kuna kaa?"

Wanawake wote waliacha kuponda, wakacheka. "Kaa!" alisema Bi Mwatum. "Maji yake yanatoka meusi, yananuka mpaka ndege hawatui. Kaa atafuata nini? Labda mmoja mmoja, waliopotea njia."

*Tope jeusi, harufu mbaya, ndege hawapo.* Muhiddin aliyakumbuka maneno ya karatasi ile, na furaha ikampanda kifuani waziwazi, wala hakuificha. Usi alikuwa ameinamisha kichwa. Lakini Makungu hakuwa amekubali.

"Haiwezekani," alisema. "Mimi sikusimama popote tu. Niliona vigingi. Niliona namba, moja mpaka tano, zimeandikwa kwa rangi nyekundu."

Usi aliinua kichwa. "Nyekundu? Vigingi vya Bwana Kaa vimepakwa nyeupe. Nimevipaka kwa mkono wangu."

"Hakuna aliyenambia kuwa ni nyeupe!"

"Hukuuliza. Ungeningoja siku moja nirudi kwenye maziko ungeuliza."

"Basi," alisema Muhiddin. "Bi Mwatum, mashimo yenu mnayatambuaje maji yakijaa?"

"Kila mtu ana mti wake, kaufunga kitambaa chake. Wangu wa kaniki." Bi Mwatum aliweka rungu chini ghafla. "Namba, umesema? Ngojeni."

Aliingia uani kwake. Aliporudi alikuwa amebeba mti wa urefu wa mtu, wenye kipande cha kaniki juu, na chini ya kitambaa, kwa wekundu uliokoza, namba nne.

"Nilifukua makumbi yangu wiki iliyopita, nikauchomoa, nnauegemezea mlango wa jiko. Hili dude nimelikuta limeshaandikwa. Mie sijui kusoma. Nikasema, Bwana Kaa kamaliza kuhesabu kaa, sasa kanihesabu na mimi."

Muhiddin aliupokea mti ule kwa heshima. Alikwaruza namba kwa ukucha, akanusa. Unga mwekundu, na ndani yake harufu ya mafuta ya samaki.

"Hii ngeu," alisema. "Imekorogwa na sifa, mafuta ya papa. Nani hapa anatumia ngeu?"

"Fundi Jecha, muunda ngarawa," alisema Usi kwa shingo upande. Jecha alikuwa shemeji yake.

Walimwendea. Fundi Jecha alikuwa chini ya banda lake, akipiga mstari kwenye ubao. Alichovya uzi ndani ya kifuu chenye ngeu, akauvuta, akauachia, na mstari mwekundu ukalala ubaoni. Muhiddin alitia kidole kwenye kifuu. Unga mkavu.

"Huchanganyi na sifa?"

"Nikichanganya na sifa nitaifutaje?" alisema Jecha. "Mstari wa fundi ni wa kufutika. Wanaotia sifa ni wakata boriti. Wanatia alama kwenye vichwa vya boriti zao, zilale majini siku kumi zisifutike." Aliinua kidevu kuelekea upande wa pili wa ghuba, ambako moshi wa kambi ulikuwa ukipanda. "Wamekuja tangu mwezi uliopita, wanangoja kibali. Msimamizi wao anaitwa Mmanga. Mtu wa maneno matamu, ana mtumbwi mzuri."

Usi alimtazama shemeji yake na kupumua. Muhiddin naye alitazama bahari. Maji yalikuwa yanatoka kwa kasi.

"Karani," alisema, "leo utanifanyia uongo mmoja mdogo."

"Mimi sisemi uongo, Bwana Sajini."

"Najua, na ndiyo maana nitakupa mdogo. Nenda kambini kwa huyo Mmanga, ukaone kama ndiye aliyekupeleka siku ile. Mwambie Bwana Kaa anataka vigingi vitazamwe tena. Mimi ni mwenzako wa ofisini. Yaliyobaki niachie."

Kisha alimgeukia Konstebo. "Kificho, mfungue Usi. Mwende kwa miguu, njia ya juu ya mikokoni, mkaningoje kwenye kigingi chake cha tatu."

"Na akikimbia?"

"Kwenye tope hili? Akikimbia, umpigie makofi."

*

Mmanga alikuwa kweli mtu wa maneno matamu. Alikuwa na kifua kipana na meno mazuri, na alimsaidia Makungu kupanda mtumbwini kwa kumshika kiwiko. Mjini hali gani? Bei ya mchele? Na huyu bwana, amezoea jua? Muhiddin, katika shati lake jeupe na kofia ya viua badala ya sare, alijibu kila swali kwa ukarimu. Makungu alikaa katikati amenyooka, jasho linamtiririka. Uongo wake mmoja ulikuwa umemchosha kuliko maili ishirini za barabara.

Maji yalikuwa yamebaki ya magoti. Mmanga aliusukuma mtumbwi kwa upondo taratibu, mikoko ikawakaribia pande zote mbili, na mbele mkondo ukagawanyika. Kulia uliingia ndani, kwenye kivuli. Kushoto ulitoka kwenye uwanda wa tope ambako miti yenye vitambaa ilisimama mmoja mmoja.

Muhiddin alikuwa ameyapanga maneno yake tangu ufukweni, nayo yalikuwa machache.

"Tuanze na kigingi namba tatu," alisema.

Upondo ulisita. Mmanga alimtazama Makungu, akamtazama mgeni. Alitazama kulia, halafu kushoto.

"Kipi, bwana? Cha nje au cha ndani?"

Mtumbwi ulielea. Makungu aligeuka pole pole.

"Kumbe viko viwili," alisema Muhiddin.

Mmanga aliuinua upondo majini.

"Bwana Kaa alipigilia kimoja. Karani hapa alikiona kimoja. Usi anakijua kimoja. Bi Mwatum, mwenye mti, hajui namba. Mpaka leo asubuhi katika Unguja nzima alikuwapo mtu mmoja tu anayejua kuwa mkondo huu una namba tatu mbili. Aliyeiandika ya pili. Mimi ni Sajini Muhiddin, wa polisi."

"Nimesikia watu wanasema," alisema Mmanga.

"Nani?"

"Watu."

"Mmoja nitajie."

Mmanga alitupa jicho majini. Muhiddin aliliona jicho lile likienda, akajinyoosha vizuri zaidi alipokaa.

"Ruka ukitaka. Utazama topeni mpaka kiunoni, na mimi nitakaa hapa kwenye mtumbwi wako nikungoje. Maji yatajaa saa kumi."

Mmanga alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi, upondo mapajani, na utamu wote ukamtoka usoni.

"Nna watu sitini kule kambini, Bwana Sajini," alisema. "Mwezi mzima wanakula mhogo mkavu. Tajiri ameniambia, kibali kisipotoka niwarudishe kwao mikono mitupu. Salamu ya Karani aliipokea kijana wangu garini. Nikaona Mungu kanifungulia. Sikumgusa mtu, sikuvunja kitu. Nimeandika namba tano tu."

"Ungekwenda mbele ya kamati ukawasemea hao sitini. Wangekusikiliza. Wewe uliona rahisi zaidi Usi afungwe."

"Usi simjui."

"Lakini yeye alikuwa anafungwa," alisema Muhiddin. Hakupandisha sauti, ila alikuwa amekasirika, na Mmanga alilijua hilo. "Piga upondo. Cha ndani."

Usi na Kificho walikuwa wamefika kabla yao. Kigingi kilisimama kwenye mwanya wa mikoko, namba yake nyeupe imekwajuka kwa chumvi, na kando yake Usi alikuwa ameshalaza fremu ya mbao. Kificho alimpokea Mmanga na kumtia pingu zilezile zilizokuwa mkononi mwa Usi asubuhi.

"Haya, Usi," alisema Muhiddin. "Hesabu, Karani aandike. Karatasi iwe mbele ya kamati Jumamosi."

Usi alitikisa kichwa. "Sihesabu."

"Unasemaje?"

"Nimehesabu miezi kumi na moja, nikaambiwa mwongo. Nikihesabu leo watasema nimeloga." Alimwelekezea Makungu kidole. "Ahesabu yeye."

Makungu alikuwa ameshavua kofia. Alikunja ile suruali yenye mkunjo mpaka magotini, akashuka topeni miguu mitupu, akachuchumaa mbele ya fremu na daftari lake.

"Hakuna kitu," alisema baada ya kitambo, na hofu ilikuwa sautini mwake.

"Umeshuka kwa kishindo, wamejificha," alisema Usi. "Nyamaza. Usitikisike. Kaa hivyo hivyo."

Makungu alikaa hivyo hivyo. Inzi walimtua shingoni, hakuwafukuza. Kwanza lilitoka jicho moja kwenye shimo, kisha gando jekundu, kisha kaa mzima. Mwengine. Wengine watatu. Konokono waliodhaniwa kuwa mawe walianza kutembea. Halafu tope lote likaamka, na midomo ya Karani ikaanza kwenda bila sauti, penseli ikipiga vijistari vitano vitano. Alihesabu kwa robo saa. Alipofika mwisho alirudia vijistari vyake kwa kidole, kama mtu asiyejiamini.

"Mia na arubaini na mmoja," alisema. Alikuwa amepauka. "Mia na arubaini na mmoja, Usi."

"Na wawili," alisema Usi. "Mmoja yuko juu ya mguu wako."

Makungu alitazama chini. Hakuuondoa mguu. Aliandika mia na arubaini na wawili, akatia sahihi yake chini, akamgeuzia Usi karatasi ili naye atie ya kwake.